Madume Matatu kwa Mama Lakica

Siku ile walipompiga hadi jicho lake la kushoto likazimika, Mumbere alikuwa amesimama kwenye kinamasi cha Luzira, maji yamemfika kiunoni, akichagua samaki.

Kuchagua ndiyo kazi iliyomlisha. Alikuwa na wavu mdogo wenye matundu kama ya chujio la chai, na kila alipouinua aliutazama kwa muda mrefu, akatoa samaki mmoja au wawili, wengine akawarudisha majini. Alizaliwa Vitshumbi, kwenye ziwa la kwao Kongo, na huko angevua hadi uzee kama watu wenye bunduki wasingekuja kuchoma mitumbwi na kumuua kaka yake mbele ya macho yake. Alipofika Kampala na mkewe Perpétue na binti yao Masika, hakuwa na mtumbwi wala mtaji. Alichokuwa nacho ni kuwajua samaki. Akafungua kibanda Bukoto, akajifunza kugandisha vioo kwa gundi, akaanza kuuza matangi ya samaki ya kuweka sebuleni.

Wauzaji wengine walileta samaki wa rangi kutoka ng'ambo, wanaosafiri kwa ndege na kufa wiki ya pili. Mumbere aliuza wa hapa hapa. Mteja akiingia, swali lake la kwanza lilikuwa, “Tangi lako kubwa kiasi gani?” Watu walitaka sangara mchanga kwa sababu anang'aa, au mamba, yule samaki wa matope mwenye umbo la nyoka, kwa sababu anatisha. Aliwakatalia. Sangara angewala wenzake wote kisha akue hadi ashindwe kugeuka. Mamba angekata kidole cha mtoto. Nkejje wakubwa wa ziwani, samaki wa ukoo wa sato, hasa madume mekundu na ya buluu, wanapendeza, lakini dume la nkejje hujitwalia eneo na kulilinda kwa meno. “Ziwani anayefukuzwa hukimbia,” aliwaambia wateja. “Kwenye kioo atakimbilia wapi?” Kwa tangi dogo alichagua visamaki vya fedha vyenye nukta nyeusi ubavuni, vinavyotembea kwa kundi; na wale wadogo zaidi wenye jicho la buluu linalowaka; na nkejje kibete wa kwenye mafunjo, dume moja kwa majike manne, pamoja na mawe na majani ya kujifichia.

Hao vibete ndio aliokuwa akiwatafuta siku ile. Ukingoni alikuwa ameweka ndoo zake na chupa ya dawa ya buluu, aliyoitumia kutibu samaki walioota ukungu.

Asichokijua ni kwamba siku mbili kabla, baada ya mvua kubwa, samaki wengi walielea wamekufa karibu na gati. Baadaye ilisemekana maji yalipinduka tu, ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu. Lakini asubuhi ile watu wa ufukweni walikuwa wamekwisha kuamua kwamba kuna mtu anayetia sumu, na walikuwa wakimsubiri.

Mtu wa kwanza kuiona chupa alipiga ukelele mmoja tu. “Sumu! Ni huyu!”

Walitoka kwenye mafunjo kama nyuki. Mumbere aliinua mikono, akaanza kusema, “Ndugu zangu, mimi...” na jiwe likamkata neno mdomoni. Walimburuta hadi nchi kavu kwa wavu wake mwenyewe, umemzunguka shingo. Fimbo, mateke, kiatu, tofali. Mwanamke mmoja alimpiga kwa sufuria. Alisikia mbavu zikilia ndani yake kama vijiti vikavu. Mtu akamkanyaga mkono wa kulia, akauzungusha unyayo kama anayezima sigara, vidole viwili vikavunjika. Katikati ya kelele zote alisikia sauti moja nzito, tulivu, ya mtu aliyezoea kuamuru. “Lala chini! Lala chini, wewe!” Akageuza uso kuitafuta sauti hiyo. Ndipo akaona kafi ya mtumbwi ikishuka ubapa, na nyuma yake mkono wenye kovu refu la moto, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Jicho lake la kushoto halikuona tena kitu kingine duniani.

Mtu alikuwa ameleta petroli. Mumbere aliinusa, akaacha kujikinga.

Aliyemwokoa aliitwa Zuleika, mama mmoja mkaanga samaki aliyekuwa na tabia ya kumtunzia ndoo. Alipenya kwa viwiko na matusi, akaikwapua ile chupa ya buluu mkononi mwa aliyekuwa akiipunga.

“Hii ndiyo sumu?” aliwauliza. “Hii?”

Akaipindua mdomoni, akameza mafundo mawili. Fimbo zikashuka. Zuleika akasimama juu ya Mumbere, miguu huku na huku, midomo na meno yote ya buluu, dawa ikimtiririka kidevuni.

“Ngojeni nife,” akasema. “Nikifa, mchomeni. Nisipokufa, kila mtu aende akamwambie mama yake alichofanya leo.”

Walingoja. Jua lilikuwa kali. Zuleika alitapika mara moja, akajipangusa, akabaki amesimama. Mtu mmoja nyuma akatupa fimbo yake kichakani na kuondoka kana kwamba amekumbuka shughuli. Mwingine akamfuata. Hata aliyeleta petroli aliichukua galoni yake, maana ilikuwa ya kuazima. Robo saa baadaye pale ufukweni palibaki wawili tu, aliyelala na aliyesimama.

Hospitalini walilitoa jicho. Perpétue alikwenda polisi siku tatu mfululizo. Siku ya tatu askari akamuuliza, si kwa ubaya, “Mama, nani alimpiga? Taja majina.” Perpétue hakuwa na majina. Alikuwa na umati tu.

Mumbere alirudi kibandani baada ya miezi miwili. Vidole viwili vilikuwa vimepona vikiwa vimepinda, na alijifunza upya kushika wavu. Wateja walimwona ni yuleyule, mpole, mwenye maswali mengi. Perpétue peke yake ndiye aliyejua kwamba mumewe, akiwa anasugua kioo mchana, husimama ghafla na kuminya sifongo hadi tone la mwisho. Hakuwachukia watu wote wa ufukweni. Chuki yake yote ilikuwa imekusanyika kwenye mkono mmoja wenye kovu.

Mkono huo uliingia kibandani kwake miezi saba baada ya siku ya kipigo.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mtu mrefu, mwenye ovaroli ya fundi wa injini za boti, aliinama mlangoni, akaweka mkono juu ya meza. Mumbere aliuona mkono kabla ya uso.

“Nataka samaki ya kuweka kwa nyumba,” mtu yule akasema, kwa Kiswahili cha kambi za askari, kizito. “Mimi Ogwal, niko Luzira. Mama yangu alipata kiharusi. Upande moja yote imekufa. Analala tu, anaangalia ukuta. Daktari alisema tumpe kitu ya kuangalia.”

Hakumtambua. Mumbere alikuwa na miwani myeusi, na kwa kweli siku ile uso wake haukuwa umebaki uso wa kutambulika.

“Tangi kubwa kiasi gani?” Mumbere akasikia mdomo wake ukiuliza.

“Dogo. Chumba yake ni ndogo.”

Nyuma ya meza palikuwa na nyundo ndogo ya kazi, na Mumbere aliitazama. Kisha akaitazama safu ya matangi yake, na wazo likamjia, baridi kama maji ya alfajiri. Akaanza kuchagua.

Alichagua kwa ustadi wake wote, lakini kinyumenyume. Alitwaa madume matatu ya nkejje wa ziwani, yaliyokomaa, jekundu, la buluu na la manjano, kila moja lilikuwa na tangi lake kwa sababu halikuvumilia mwenzake. Hakuweka jike hata moja. Akaongeza visamaki vya fedha kumi na viwili, vya kufukuzwa. Akaongeza kambale mchanga mwenye urefu wa kidole, ambaye angekula kilichojeruhiwa na kukua kwa hicho. Changarawe akatoa kidogo, jiwe hakutoa, jani hakutoa.

“Rangi nzuri,” Ogwal akasema, akiinua mfuko kwenye mwanga. “Mama atafurahi.”

“Ataona mengi,” Mumbere akajibu.

Kwa kawaida alikwenda mwenyewe kufunga tangi kwa mteja, aone dirisha liko wapi, maji ya bomba yamelazwa siku ngapi ili klorini itoke. Safari hii alisema ana kazi. Ogwal alibeba tangi na samaki, akashukuru, akaondoka. Mumbere aliketi kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza tangu apigwe alisikia njaa, akanunua chapati mbili akazila.

Siku ya tatu simu ikalia. “Njoo,” Ogwal alisema. “Samaki yako inauana. Mama analia, anakataa kula. Njoo sasa hivi.”

Alikwenda. Tusifiche, alikwenda akiwa na furaha. Alipanda pikipiki hadi Luzira, akiwaza uso wa Ogwal utakavyokuwa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, yenye ua wa saruji. Ogwal alimwingiza chumba cha ndani. Tangi lilikuwa juu ya meza, limeelekezwa kitandani, na kitandani alilala mwanamke mzee, kichwa kimeegemezwa kwenye mito kwa namna ambayo hakuweza kutazama kwingine.

Maji yalikuwa na ukungu wa damu na magamba. Visamaki vya fedha vilibaki viwili, vimejibana kwenye kona ya juu, mikia imeliwa. Dume la manjano lilikuwa limelala ubavu chini, bado linahema, mapezi yamebaki vijiti, na kambale alikuwa akilivuta tumbo kwa vituo, kama mtu anayekula bila haraka. La buluu lilikuwa limekwisha kufa. Jekundu lilisimama katikati, rangi imewaka kuliko wakati wowote, na kila la manjano lilipotikisika, lilishuka na kulipiga. Lilipiga upande wa kichwa. Pale palipokuwa na jicho palikuwa na shimo jeupe.

Mumbere alitazama shimo lile. Furaha aliyokuja nayo ikamtoka.

“Nani huyo?” mwanamke mzee akauliza. Nusu ya mdomo wake haikufunguka, na maneno yalitoka yamelowa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi alizoishi na marehemu mumewe askari.

“Ni fundi wa samaki, mama,” Ogwal akasema.

“Mwanangu,” yule mzee, ambaye majirani walimwita Mama Lakica, akamwambia Mumbere, “nilimwona tangu asubuhi ya jana. Yule wa njano. Alizunguka, alizunguka, hapana pa kwenda. Nikapiga kelele, lakini Ogwal yuko kazini. Mkono wangu hauinuki. Ningekuwa na mkono ningemtoa.” Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile lililokuwa upande mzima. “Mimi ni mtu wa ziwa Kwania. Nimepasua samaki maisha yangu yote. Lakini kulala na kuangalia tu, bila kuweza kusimamisha...”

Hakumaliza. Mumbere alichukua wavu wake, akalitoa la manjano, akalimaliza kwa kidole gumba nyuma ya kichwa. Akavua miwani.

“Ni mimi niliyewachagua,” akasema, akimtazama Ogwal. “Nilijua watauana. Niliwachagua kwa hiyo.”

Ogwal hakuelewa. Mumbere akasema tena, polepole, kisha akaongeza, “Lala chini. Lala chini, wewe.”

Ilichukua muda. Halafu uso wa Ogwal ukabadilika, akaangalia tundu la jicho, akaangalia vidole vilivyopinda, na badala ya aibu ilikuja ghadhabu, kwani ndiyo iliyokuwa karibu.

“Wewe ndiye ile mtu ya sumu!” akanguruma. “Unakuja kuua mama yangu?”

Alimkaba koo, akambamiza ukutani hadi plasta ikadondoka. Mumbere alikuwa mwembamba, lakini alikuwa ameingoja siku hiyo miezi saba. Alimpiga kichwa cha pua, akasikia mfupa ukivunjika, akampiga tena palepale. Damu ikawarukia wote wawili. Ogwal akamwinua mzima mzima na kumtupa. Mgongo wa Mumbere ukapiga meza, tangi likaanguka, likapasuka kama bomu. Maji yakafagia sakafu hadi chini ya kitanda. Wakaangukiana kwenye vioo, wakagaagaa, wakikatana mikono na magoti bila kusikia maumivu. Mumbere alishika kipande cha kioo kirefu. Akakielekeza kwenye jicho la kushoto la Ogwal, karibu sana kiasi kwamba kope zilikigusa.

“Sema ulipiga,” akasema.

Ogwal alikuwa akipumua kwa mdomo, pua imejaa damu. “Nilipiga mara moja tu,” akasema.

“Sema tena.”

“Mara moja! Watu wote walipiga. Mimi nilipiga mara moja tu!”

Labda ilikuwa kweli. Mumbere alijua kwamba akiwatafuta wote wa siku ile, mmoja mmoja, kila mmoja angemwapia hivyohivyo, hata aliyebeba petroli. Kioo kilikuwa kikimkata kiganja chake mwenyewe, na damu yake ilidondoka kwenye shavu la Ogwal.

Kitandani, Mama Lakica hakuwa akipiga kelele tena. Alikuwa akijivuta. Kwa mkono ule mmoja alishika ukingo wa godoro, akajivuta hadi akaanguka sakafuni kwenye maji na vioo, kwa kishindo cha mwili usioweza kujikinga. Wote wawili wakageuka. Kanzu yake ya kulalia ilikuwa imelowa, kipaji cha uso kimechanika.

“Niueni mimi kwanza,” akasema. “Sitaangalia tena.”

Mumbere akakitupa kioo. Walimwinua pamoja, mmoja mabegani, mwingine miguuni, bila kutazamana. Ogwal alimpangusa mama yake damu. Mumbere aliokota vioo, kipande kwa kipande. Dume jekundu lilikuwa likirukaruka chini ya kiti. Akalitia kwenye jagi la maji, na kambale kwenye sufuria. Vile visamaki viwili vya fedha havikupatikana hai.

Mumbere alipofika mlangoni, Mama Lakica akamwita. “Alikufanya nini, mwanangu?”

Mumbere alimwambia. Alimwambia yote, kuanzia chupa hadi hospitali, na Ogwal alisimama uani akisikia, mgongo ukiwa kwao. Mama mzee alisikiliza macho yamefumbwa. Mwishoni alisema neno moja la kwao ambalo Mumbere hakulijua. Ogwal alilijua, maana aliketi chini palepale kwenye saruji kama aliyekatwa miguu.

Nyumbani, Perpétue alimfunga viganja kwa vitambaa huku akimsikiliza. Alingoja hadi alipomaliza.

“Baba Masika,” akasema, “huyo mtu ningemchoma mimi mwenyewe. Lakini yule mama alikukosea nini? Na samaki walikukosea nini? Umewachukua wale ulio na imani nao, ukawafanya fimbo.” Akakaza fundo hadi Mumbere akaguna. “Kesho utarudi. Na utamchagulia vizuri.”

Alirudi baada ya siku nne, vidonda vilipokauka. Alibeba tangi jipya, mawe ya kutosha, majani ya majini yaliyofungwa kwenye vipande vya magogo, na maji aliyoyalaza. Aliweka kundi la visamaki vya fedha, wenye macho ya buluu wanane, nkejje vibete, dume moja na majike manne. Ogwal alifungua mlango, pua imevimba, akaondoka nyumbani papo hapo. Mumbere alianza kwa kupanga mawe. Mama Lakica aliwataja samaki kwa majina ya kwao, mmoja baada ya mwingine, na alipokosa jina alilitunga.

Tangu hapo alikwenda kila Jumamosi kubadilisha maji. Haikuwa rahisi. Njia ya kwenda ilipita karibu na ufuo ule, na mara mbili alishuka kwenye pikipiki, akazunguka kwa miguu kupitia njia ya mbali. Ogwal hakumwomba msamaha. Kila Jumamosi alitoka nje Mumbere alipoingia, akarudi alipoondoka. Siku moja Zuleika alimweleza Mumbere kwamba Ogwal alikwenda mwenyewe polisi, akataja jina lake na majina ya wengine watano. Askari waliandika, wakamwambia aende atangoja kuitwa. Hadi leo hajaitwa. Wale watano walimvizia kwenye karakana yake, wakamvunja mkono kwa spana.

Mumbere alipoisikia habari hiyo hakujua la kuhisi. Alikaa nayo siku nzima. Haikumrudishia kitu, wala hakusikitika.

Jumamosi iliyofuata Ogwal hakutoka. Alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kitanda cha mama yake, mkono usio na kovu umefungwa bandeji ya plasta, macho kwenye tangi.

“Huyu jike hali chakula,” Mama Lakica akasema kwa wasiwasi. “Siku tano sasa. Shavu limevimba. Anaumwa?”

Mumbere akainama, akatazama kwa jicho lake. “Haumwi, mama. Ana watoto mdomoni. Anawaficha humo hadi wakue.”

Mama mzee akacheka kwa nusu ya mdomo wake, akataka kitanda kisogezwe karibu.

“Dume litawala?” Ogwal akauliza. Ndilo neno la kwanza alilomwelekezea Mumbere tangu siku ya vioo.

“Litawala wakitoka. Lazima litolewe leo.”

Ogwal akasimama. Akazamisha ule mkono wenye kovu kwenye maji, na Mumbere akarudi nyuma hatua mbili kabla hajajizuia. Ogwal aliliona hilo. Akautoa mkono, ukidondosha maji, akaurudisha ubavuni.

“Fanya wewe,” akasema, akasogea hadi dirishani.

Mumbere alilikamata dume kwa wavu, akalitia kwenye mfuko, akaufunga kwa mpira. Akamuaga mama. Njia nzima hadi Bukoto lile dume dogo liligonga plastiki kwa hasira, na yeye aliushika mfuko kifuani kwa mikono miwili ili pikipiki isilitikise.